Ukurasa wa Tisa

Mjomba alifika kibandani kwangu saa tisa alasiri, gitaa mgongoni, bahasha ya kaki kwapani. Ilikuwa 2006, kiangazi, vumbi la Lubumbashi limeshapaka kila kitu rangi moja. Kazi yangu wakati ule, niseme ukweli, ilikuwa kugravu CD za watu, yaani kuzinakili. Kompyuta moja, umeme wa jenereta ya jirani niliyochangia mafuta, CD tupu nimezipanga kama sahani za harusi. Moja franka 500. Ile ya asili, dukani mjini, dola 15, karibu bei ya mfuko wa unga wa kilo 25, na sijaona mtu wa mtaa wetu wa Kamalondo aliyeacha bukari, ugali wetu, ili anunue muziki.

"Mwipwa, nisomee hii. Usiruke hata mustari."

Ilikuwa kontra, mkataba. Kurasa kumi na nne za Kifaransa, kutoka kampuni ya ng'ambo ambayo mjumbe wake, kijana mpole mwenye kravati, alikuwa amemsikia mjomba akipiga kwenye arusi moja. Mjomba alikuwa na darasa la nne la misheni na vidole viwili, gumba na cha shahada, ambavyo vilitosha. Alijifunza ile namna ya wazee wa Katanga, ya kina Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta mtaani Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akamrekodi.

Nikasoma. Dola 400 za avansi, malipo ya mbele, kwa nyimbo sita. Kufika ukurasa wa nne tukagundua avansi ni deni: itakatwa kwenye fungu lake, na fungu lake ni asilimia nane. Kabla hajaiona hiyo nane, inakatwa studio, inakatwa picha ya kasha, inakatwa mpaka nauli ya fundi wa sauti. Mjomba akacheka hadi akakohoa.

"Kumbe ananialika kula, halafu kuku nalipa mimi!"

Ukurasa wa tisa hakucheka. Uliandikwa kwamba anaachia rekodi kwa dunia nzima, kwa muda wote sheria inaolinda kazi, yaani maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, na kwa kila chombo cha kusikilizia kilichopo "au kitakachovumbuliwa". Nilifasiri hapo mara tatu. Alikuwa ananitazama mdomoni kama mtu anayesubiri nikosee.

"Kintu haiyazaliwa, banakinunua namna gani?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza, akagusagusa uzi wa juu wa gitaa bila kuupiga. Halafu akauliza habari za yule Muzulu wa "Mbube". Redioni mwaka ule ule tulikuwa tumesikia warithi wa Solomon Linda wamefikia mapatano juu ya wimbo wake, baada ya kuishitaki Disney mwaka 2004. Linda aliurekodi Johannesburg mwaka 1939, haki zake zikaenda kwa shilingi kumi, ukazunguka dunia kwa jina jingine, yeye akafa maskini mwaka 1962. Mjomba alikuwa anapiga hesabu kichwani, nilimwona: shilingi kumi, dola mia nne.

Nikamwambia asisaini. Nilikuwa mkali, maana nilijiona mtu wa upande wa haki. Nikamweleza kuwa makampuni haya makubwa hayawapendi hata wasikilizaji: Marekani tangu 2003 yanawapeleka mahakamani watu wa kawaida waliopakua nyimbo kwenye intaneti, na mwaka uliopita tu Sony BMG ilibainika imeficha programu ndani ya CD zake, ikijipenyeza kwenye kompyuta ya mtu aliyenunua kwa pesa yake halali. CD zangu, nikasema, angalau hazina wadudu.

Mjomba akaangalia zile sahani zangu za harusi.

"Na wewe, mwimbaji unamupa ngapi?"

Nikasema, mjomba, mimi ni mtu mdogo.

"Sikuulize ukubwa. Hawa mia ine. Wewe?"

Jenereta ilizima wakati ule, bahati yangu, nikatoka nje kuishughulikia. Niliporudi alikuwa ameshasaini, kurasa zote kumi na nne, pembeni, kwa herufi kubwa za kitoto. Mvua ilikuwa inakaribia na nyumba yake ya Katuba haikuwa na paa upande wa vyumba vya watoto. Zile dola 400 zilikuwa manjanja, mabati ya paa, na misumari, na chenji kidogo ya bia mbili za Simba tulizokunywa jioni ile.

Nyimbo sita zilirekodiwa. Malipo mengine hayakuja, wala barua ya kusema deni la avansi limefika wapi.

Mjomba alifariki 2019. Kwenye matanga tulipiga wimbo wake kwa spika kubwa, wamama wakacheza wakilia, nami nikachukua video kwa simu nikaiweka mtandaoni kwa ajili ya ndugu walio Ndola na Ubelgiji. Haikumaliza saa moja. Video ilibaki, sauti ikaondolewa, chini pameandikwa kwamba muziki ni mali ya mwenye haki. Wamama wanazunguka, midomo inafunguka, kimya.

Mjane akanishika mkono. "Ni wewe umekata sauti ya mume yangu?"

Nikamwambia hapana, mama, ni ukurasa wa tisa. Alinitazama akidhani nimelewa.