Maji Moto wa Kwenye Mwembe

Leo Jumapili sikufungua cherehani. Tangu saa tisa mpaka magharibi nimekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, hapa nyumbani Kigamboni, nawatazama sisimizi waitwao maji moto wakishona.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa sitaki hata kuwasikia. Kamba yetu ya nguo ilikuwa imefungwa kwenye tawi la mwembe huu. Nikaenda kuanua, nikavuta shuka, kumbe wamejaa juu yake. Wakaniingia shingoni na kwenye mikono ya gauni. Aliyewahi kupandwa nao anajua: maji moto anang'ata, halafu anakunja tumbo na kumwagia tindikali palepale alipong'ata. Jina lake limetoka hapo. Nilioga, nikajipaka mafuta ya nazi, nikaapa kwamba kukicha napuliza dawa.

Asubuhi nikatoka na kopo la dawa la mama mwenye nyumba, natafuta nianzie tawi gani. Ndipo nikaona jani linasogea, na upepo hakuna.

Walikuwa wamejipanga ukingoni mwa jani kama pini ninazochomeka kwenye pindo kabla ya kushona. Miguu ya nyuma imeshika jani hili, meno yameshika lile, wanavuta. Palipokuwa na pengo pana mmoja alimshika mwenzake kiunoni, naye akashikwa na mwingine, hadi ukawa mnyororo wa sisimizi sita au saba kutoka jani hadi jani. Wakavuta kwa pamoja. Kingo mbili zilipogusana, wakatokea wengine kutoka kwenye kiota cha zamani, kila mmoja amebeba mdomoni kitu cheupe kama punje ya mchele. Nikadhani ni chakula.

Walikuwa watoto wao, mabuu. Maji moto aliyekomaa hana uzi. Mwenye uzi ni buu. Mkubwa anamshika taratibu kwa meno, anamgusisha kichwa kwenye jani hili, anampeleka lile, anarudi hili, na kila anapogusa, buu anaachia uzi wa hariri. Wale waliojipanga kama pini hawaachii mpaka mshono ushike. Usiku nilisoma kwenye simu jambo ambalo bado ninalo kichwani. Kwa sisimizi wa aina nyingi, buu hutumia hariri yake kujifumia kifuko cha kujifunika wakati anapogeuka kuwa mkubwa. Buu wa maji moto hajifumii kitu. Hariri yake anaitoa kwa ajili ya nyumba, kisha anageuka akiwa uchi, amestiriwa na majani yaleyale aliyoyashona.

Nilimkumbuka mama. Macho yake yalianza kufifia nikiwa darasa la pili. Alikuwa na cherehani ya miguu barazani kwetu Temeke, na kila uzi ulipokatika aliniita: "Njoo unitungie, mwanangu." Naacha rede, nalamba ncha ya uzi, natunga, narudi kucheza. Ukikatika, naitwa tena. Sare za shule za watoto wengi wa mtaa ule zilipita hivyo. Sikuwahi kuihesabu kazi ile kuwa ni kushona. Sasa naihesabu.

Kopo nikalirudisha. Mama mwenye nyumba hakufurahi. "Mwanangu, wajukuu zangu wanacheza pale. Wakipandwa na wadudu wale utawabeba wewe?" Ana haki kabisa. Nikahamishia kamba ya nguo ukutani, nikamwomba anipe siku chache. Jioni nikampigia mjomba, yuko Mafia na minazi yake. Nilitegemea anipe dawa ya asili ya kuwafukuza. Badala yake akaniuliza, "Mwembe unazaa?" Nikamwambia unazaa sana. "Basi waache, mwanangu. Sisi mnazi wenye maji moto tunaushukuru. Usio nao, vitale vinapukutika kabla havijawa dafu."

Nikafuatilia, maana nilitaka cha kumjibu mama mwenye nyumba. Miaka ya 1950 mtaalamu mmoja, Michael Way, aliwachunguza maji moto hawahawa kwenye minazi ya Zanzibar. Yupo mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zinaanguka, na maji moto humwinda. Kwenye mikorosho vilevile, wanasaidia kupambana na mdudu mharibifu aitwaye mbu wa mikorosho. Nilimsomea yote pale barazani. Akasikiliza akichambua mchicha, kisha akasema, "Sawa. Lakini watoto wasiukwee." Tumekubaliana hivyo.

Toka hapo macho yangu hayapiti tena juu ya vitu. Juzi nilikuwa Kivukoni nasubiri pantoni, mvua ya vuli imetoka kukatika, na juu ya vichwa vyetu wakazunguka kereng'ende wa manjano, wengi mno. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi, alieleza kwamba kereng'ende wa aina ya Pantala flavescens huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki, wakibebwa na upepo na kufuata mvua, na watakaorudi ni vizazi vyao. Mdudu asiyefika urefu wa sentimita tano! Anapita juu ya bahari ileile ambayo majahazi yalivuka kwa kaskazi kuja kwetu. Nilitamani kumshika mtu bega nimwonyeshe. Wote walikuwa wanatazama geti lifunguliwe.

Kazini pia pamebadilika kitu. Jana nilikuwa na gauni la kitenge, mteja kanunua kitambaa Mtaa wa Uhuru, na mshono wa ubavuni ulikuwa umevuta. Nina tabia ya kukivuta kitambaa huku nashona ili niwahi. Maji moto hawafanyi hivyo. Wanazileta kingo pamoja kwanza, wanazituliza, ndipo uzi unapita. Nikafumua ubavu wote. Nikachomeka pini karibukaribu, nikashona polepole. Ubavu umelala.

Jioni hii kiota kimoja cha zamani kilikuwa chini, majani yamekauka rangi ya kahawia. Majani yakifa, wao huhama. Nilikigonga kwanza kwa kijiti, hakikuwa na mtu. Nikakifungua kwa kucha. Ndani kuna kitambaa cheupe, chepesi kuliko bitana yoyote niliyowahi kushika, kimejaza kila pengo kati ya jani na jani. Nilikiinua kwenye taa ya barazani. Mama mwenye nyumba alisogea, akanyoosha kidole, akakigusa.

"Na hiki wamekitoa mdomoni?" akauliza.

"Watoto wao, mama."

Akakigusa tena. Nimekiweka kwenye droo ya cherehani, upande wa bobini.