Pembetatu nyeusi

Jumapili usiku

Nimerudi Berlin saa mbili usiku na viatu bado vina vumbi jeusi. Uwanja wa iliyokuwa kambi ya Ravensbrück umemwagwa kokoto nyeusi kila mahali, na pale yalipokuwa mabanda ya wafungwa pamebaki alama tu ardhini. Nilijiandaa kukuta majengo ya kutisha, nikakuta uwazi, upepo na ziwa zuri ajabu. Ng'ambo ya ziwa unaona mnara wa kanisa la mji wa Fürstenberg. Nilisimama hapo muda mrefu nikiutazama. Kama mimi nauona mnara, basi na watu wa mjini waliiona kambi.

Kambi hii ya mateso Wanazi waliifungua Mei 1939 kwa ajili ya wanawake. Hadi wanajeshi wa Kisovieti walipofika, tarehe 30 Aprili 1945, wanawake wapatao 120,000 walikuwa wameandikishwa humo, pamoja na watoto, kutoka nchi zaidi ya 30. Kampuni ya Siemens ilijenga karakana zake ubavuni mwa kambi ili iwatumikishe. Majivu ya waliochomwa yalitupwa katika ziwa hilohilo.

Kila mfungwa alishonewa pembetatu ya kitambaa kwenye nguo. Nyekundu ilikuwa ya wa siasa, ya zambarau ya Mashahidi wa Yehova, ya kijani ya walioitwa wahalifu, na nyeusi ya walioitwa watu wasiofaa katika jamii: makahaba, wasio na makao, wasichana walioonekana wakaidi, pamoja na wanawake wengi wa Kisinti na Kiroma, jamii ambazo watu wamezoea kuziita Wajipsi. Wanawake wa Kiyahudi walitiwa alama ya njano.

Habari za wanawake wa Kipolandi waliopasuliwa miguu nilikuwa nazijua kabla sijaenda. Kuanzia 1942 madaktari wa SS (kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi), chini ya Karl Gebhardt, waliwapasua, wakawavunja mifupa, wakawatia vijidudu vidondani ili kujaribu dawa. Walikuwa 74, na kambini waliitwa sungura. Baadhi yao waliandika barua kwa mkojo katikati ya mistari ya barua zilizoruhusiwa, na nyumbani ndugu wakapasha karatasi moto kwa pasi, maandishi yakatokea. Februari 1945 ilipojulikana kwamba wamepangwa kuuawa ili ushahidi upotee, wafungwa wenzao waliwaficha. Watu waliokuwa wakifa kwa njaa! Wengi wa sungura hao waliokoka, na baadhi walisimama Nuremberg, madaktari wa Kinazi waliposhtakiwa baada ya vita, wakaonyesha makovu yao mbele ya mahakama.

Lakini leo sikwenda kwa ajili yao. Nilikwenda kwa ajili ya Martha Ndumbe.

Alizaliwa hapahapa Berlin mwaka 1902. Baba yake, Jacob, alitoka Kamerun akaletwa 1896 kwenye maonyesho ya makoloni katika bustani ya Treptow, ambako Waafrika walionyeshwa kwa watazamaji. Mama yake alikuwa Mjerumani. Mwanamke mweusi hakuwa na pa kupata kazi ya maana wakati ule, na Martha akaishi kwa wizi mdogomdogo na kuuza mwili. Alifungwa mara kadhaa. Wanazi walipoingia, adhabu haikuishia tena kwenye kifungo alichohukumiwa: Juni 1944 alipelekwa Ravensbrück, na tarehe 5 Februari 1945 akafa. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na mbili tu kambi ikombolewe.

Nani angemficha Martha? Sisemi hili kuwalaumu wafungwa wenzake. Lakini wenye pembetatu nyeusi na za kijani walidharauliwa hata na baadhi ya wale waliolala nao banda moja, na vita vilipokwisha, waliobaki hai walinyamaza kwa aibu. Hawakualikwa kwenye kumbukumbu, hawakulipwa fidia kama wengine. Bunge la Ujerumani liliwatambua kuwa wahanga Februari 2020. Miaka 75 baadaye! Wengi wao walikuwa wameshazikwa na aibu isiyokuwa yao.

Jiwe la kumbukumbu la Martha liliwekwa 2021 kwenye njia ya miguu katika wilaya ya Mitte. Ni kibati cha shaba ya njano, cha ukubwa wa kiganja. Nimewahi kulipita mara mbili bila kuliona, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Kwenye treni ya kurudi nilimkumbuka shangazi mmoja wa mama. Alikwenda mjini akiwa msichana, na nyumbani kwetu kazi aliyoifanya huko haitajwi. Kila mwaka tunaposoma hitima ya wazee wetu, majina yanasomwa kwenye karatasi moja baada ya jingine. Lake sijawahi kulisikia. Mimi mwenyewe nimeshika karatasi hiyo, nimeyanakili majina upya pale ilipochakaa, wala sikuuliza.

Leo nimempigia mama kabla sijavua viatu. Nilimwamkia, nikamwambia nilikotoka, nikamweleza habari za Martha. Kisha nikamwuliza jina la shangazi yake. Alinyamaza nikadhani simu imekatika.

"Unalitaka la nini, mwanangu?"

"La kuandika kwenye karatasi ya hitima, mama."

Akanitajia. Nimeliandika hapa mezani kwa herufi kubwa. Mwaka aliofariki mama haukumbuki, na kaburi liko wapi hakuna aliyebaki wa kumwuliza.