Matege ya Garrincha

Leo jioni mtoto wa dada angu karudi toka uwanjani analia, wamemkataa kwenye timu wanamwita Matege. Ana miaka tisa.

Sikumwambia nyamaza. Nikachukua simu nikamtafutia video za zamani za Garrincha, yule mchezaji mpira wa Brazil, zile nyeusi na nyeupe.

Huyu jamaa kazaliwa 1933 Pau Grande huko Brazil, miguu yote imepinda upande mmoja na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Jina lenyewe ni la kidege kidogo. Kombe la dunia 1962 Chile, nyota wao Pelé kaumia mechi ya pili watu wakajua basi imeisha, Garrincha akaibeba timu, Uingereza kawafunga mawili, nusu fainali wenyeji Chile akawapiga mawili tena, Brazil ikabeba kombe. Na mechi zote alizocheza pamoja na Pelé timu ya taifa haikupoteza hata moja!

Pombe ilimmaliza, kafa 1983 na miaka 49 tu. Hilo sikumwambia, bado mdogo.

Sasa dogo kaangalia kimyaaa. Akasema rudisha. Nikarudisha. Mara ya tatu akainuka, akapandisha suruali mpaka magotini, akasimama pembeni ya simu anaangalia miguu ya yule, anaangalia yake.

"Mjomba, ni kama yangu."

Jamani nilitoka nje kidogo.

Saa hizi kalala na mpira kitandani. We ulimwambiaje mwanao siku alipochekwa na wenzake? Niambieni hapo chini, kesho anataka kurudi uwanjani.