Chura wa kwenye chupa, Ukaguru 2017

Mimi ni dereva, tuanzie hapo. Wanyama sijasomea, shule yenyewe niliishia fomu foo, na kabla ya ile safari ungeniuliza kuhusu chura ningekwambia chura ni chura tu, mvua ikinyesha anapiga kelele, watoto wanamrushia mawe, basi. Nilipiga daladala Moro mjini miaka mitatu, nikahamia kwenye magari ya kukodi, na huko ndo nikaangukia kazi ya kupeleka watafiti maporini, sababu kubwa ni kwamba nilikuwa naweza kuitoa hardtop kwenye tope bila kuita trekta.

Sasa masika ya 2017 nikapewa watu wanne niwapeleke milima ya Ukaguru. Dokta mmoja wa chuo, Mzungu mmoja mrefu asiyeongea sana, na wanafunzi wawili, dada mmoja na kaka mmoja. Ukitoka Moro unashika barabara ya Dodoma mpaka Gairo, unaacha lami unakata kushoto unaanza kupanda, na ukishapanda hivo unasahau kabisa kama uko mkoa wa Morogoro. Baridi ya kule Mandege sio ya mchezo jamani. Mi nimezoea joto la Msamvu, nilienda na sweta moja, usiku nalala na koti la mvua juu ya blanketi.

Dokta alikuwa anamtafuta chura anaitwa Churamiti maridadi. Nilivyosikia hilo jina nikajua wapagazi wananitania, kumbe ndo jina lake la kisayansi kabisa, lilitangazwa mwaka 2002, kiswahili kitupu. Na walikuwa wamewahi kupatikana wawili tu, hukohuko Ukaguru. Wawili! Watu wazima wanne wenye digrii wanapanda mlima kwenye mvua kumtafuta wa tatu. Nikasema haya, kila mtu na kazi yake, mi nipeni mafuta na posho.

Posho yenyewe ikachelewa, na hili lishike maana litarudi.

Kazi ya vyura ni ya usiku. Saa moja jioni watu wanavaa gambuti, wanafunga tochi kichwani, wanaingia msituni, kurudi ni saa sita saa saba huko. Kikanuni mi natakiwa nibaki na gari lakini ukikaa peke yako kwenye gari usiku kule mlimani unaanza kusikia vitu havipo, kwahiyo usiku wa pili nikaomba niwabebee begi. Ndo nikajifunza kwamba chura hatafutwi kwa macho, anatafutwa kwa masikio. Unasimama, unazima tochi, unasikiliza. Dokta ananyanyua kidole, "huyo wa kama kijiko kwenye glasi unamsikia? Haya yule anayekwaruza je?" Ukishamsikia unamfuata taratibu, ukimuona unamshika na mkono uliolowa maji, anaingia kwenye kifuko cha nailoni chenye jani na hewa, halafu yule kaka anaandika namba, saa, alikaa kwenye jani la aina gani na urefu gani toka chini. Hiyo ya urefu toka chini ilinichekesha sana mwanzoni.

Asubuhi ndo kulikuwa na meza. Mbao mbili juu ya madumu, na pale ndo nilipoona kuelezea chura ni kazi ya namna gani. Kwanza wanampiga picha akiwa hai, maana akishaingia kwenye spiriti rangi inapotea, chura wa kijani anageuka kama samaki wa kopo. Halafu vernia, kile kipimio kilekile cha mafundi, sema yao inaonyesha namba kwenye kioo. Dada anapima anasoma kwa sauti, toka ncha ya pua mpaka matakoni, upana wa kichwa, jicho, toka jicho mpaka tundu la pua, paja, mguu wa chini, na kaka anaandika, "kumi na tisa nukta nne, saba nukta moja, mbili nukta tatu", yaani kama watu wanasoma namba za bahati nasibu. Mnyama mmoja vipimo zaidi ya kumi, halafu anafuata mwingine.

Ila kabla ya vernia kuna jeli. Ni ile jeli ya dawa ya ganzi mtu anayopaka kwenye fizi jino likiuma. Dada alikuwa anachukua kidogo kwa ncha ya kidole, anampaka chura tumboni, anamlaza kiganjani, na chura analegea taratibu kama mtoto anayesinzia mgongoni mpaka basi, hayupo. Halafu wanakata kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya vinasaba, kinaingia kwenye kichupa, mguuni anafungwa namba na uzi, analazwa kwenye sinia la formalini na vidole vinanyooshwa kimoja kimoja ili akikauka visikunjane. Mimi nimekulia nyumba ya kuchinja kuku kila sikukuu, damu sio shida yangu, lakini vile vidole vilinisumbua. Vidole vidogo vile vinanyooshwa kwa upole kabisa.

Nilimuuliza Dokta kwanini msipige picha mkamwachia? Hakukasirika. Akasema wakipata aina mpya lazima mmoja achaguliwe awe ndo shahidi, mwili wake ukae makumbusho, ili mtu wa miaka mia ijayo akisema huyu sio mpya aende akamwangalie mwenyewe. Akanipa mfano wa chura wa kwetu anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, Mjerumani mmoja Tornier alimtangaza mwaka 1905, na waliopelekwa enzi hizo wako Berlin mpaka leo ndani ya chupa na watu bado wanaenda kuwapima. Na akasema hawachukui ovyo, kibali cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, kina idadi. Nilimuelewa. Kuelewa na kukubali ni vitu viwili lakini.

Usiku wa tano mvua ikapiga kweli kweli. Mi sikwenda, nilikuwa nimenuna kwa sababu ya posho, nikajilalia kwenye gari. Kama saa nane hivi, wenzangu wameshalala kwenye mahema, mvua imekata, nikatoka kujisaidia karibu na kibwawa kilichokuwa nyuma ya kambi, pamejaa matete. Vyura wanalia mpaka unahisi meno yanatetemeka. Nikamulika tu bila sababu, na kwenye tete moja usawa wa kiuno changu yuko mmoja kakaa kimya. Kimya kabisa. Wenzake wote wanashangilia kama uwanja wa Jamhuri siku ya mechi na yeye kakaa anaangalia.

Nikalowesha mkono nikamchukua. Nilishakuwa mtaalamu bwana.

Alikuwa mdogo, ukimweka kwenye kifuniko cha chupa ya maji anaenea na nafasi inabaki, rangi ya kijani inayoelekea njano, sijui, tochi yangu ilikuwa inakufa. Kilichonishtua ni koo. Alivyokuwa anajinasua koo lake likapita kwenye kidole gumba changu na likakwaruza. Nimefanya kazi ya rangi gereji nikiwa kijana, ile hali naijua, ni msasa laini ule wa kumalizia. Chura ana msasa kooni! Nikamwingiza kwenye chupa ya maji na jani lake, nikatoboa matundu na bisibisi, nikaingia naye kwenye gari nikawasha taa ya ndani.

Akajibandika kwenye plastiki, tumbo kwangu. Nikaliona lile koo linapanda linashuka, linapanda linashuka, na vipele vidogo vidogo vyenye ncha vimejipanga kama ndevu za siku mbili. Nikampiga picha na simu, na flashi ikapiga kwenye plastiki, ikatoka duara jeupe tu. Nakwambia ukweli hapo kichwani nilishakuwa maarufu. Yule kaka alishawahi kunitania kwamba suka ukiokota mpya tutampa jina lako, Dokta akasema ni sawa kumpa jina la mtu, ila anayemwandika kujipa jina lake mwenyewe ni kukosa adabu, na mi nikawa najipigia hesabu kwamba siandiki mimi, kwahiyo mi naruhusiwa, na kama jina langu halifai basi la mama.

Halafu nikaikumbuka meza.

Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Asilimia fulani ilikuwa huruma, niliviona vidole vyake vimeshika plastiki, na asilimia fulani ilikuwa posho, yaani kuna sauti inasema hawa watu siku ya nne hawajanilipa afu mi niwaokotee chura mpya bure. Zote mbili zilikuwepo. Nikashuka, nikarudi palepale kwenye matete, nikafungua kifuniko.

Hakutoka. Nikainamisha chupa, hakutoka. Nikasimama pale na baridi ile labda dakika kumi, gambuti zinazama, namwambia toka basi, toka uende, yeye kajibandika. Ikabidi niingize maji ya bwawa kidogo nimmwage kama mtu anayemwaga chai iliyopoa. Akaangukia kwenye majani, akaruka mara moja, simuoni tena.

Asubuhi dada akaiona chupa kwenye dashibodi, ina matundu na jani. "Kaka, hii ya nini?" Nikasema nilikamata chura usiku, katoroka, kifuniko sikukaza vizuri. Akaenda kumuita Dokta. Nikajiandaa kusemwa, ila Dokta alikuja na kikombe chake cha chai akaanza maswali tu, ulimkuta wapi, saa ngapi, juu ya nini, urefu gani toka kwenye maji, alikuwa analia? Nikasema halii. Una uhakika? Nina uhakika, kila mtu analia yeye halii. Koo lake uliliona?

Nikamwambia ni msasa.

Kikombe kilibaki hewani. Akamuita Mzungu, wakaongea kizungu haraka haraka, nikashika "spinigularis" sababu ilirudiwa mara nyingi. Baadaye akanielezea kwamba kuna kikundi cha vyura wa matete ambao madume wana miiba kooni na hawalii kama wenzao, na miaka miwili nyuma yake, 2015, walikuwa wametangazwa watatu wapya kwa mpigo, ila kwenye orodha yote hakuna wa Ukaguru. Na hii milima ya Tao la Mashariki, toka Taita kule Kenya mpaka huku chini, kila mlima ni kama kisiwa, msitu umekaa peke yake miaka mamilioni, kwahiyo wa mlima huu anaweza asiwe ndugu wa karibu na wa mlima ule unaouona kwa macho.

Wakalala pale bwawani siku mbili mfululizo, watu wote wanne. Chura asiyelia unamfuata na nini? Waliwapata wenye kelele tu. Wa msasa hakuonekana, wala Churamiti hakuonekana, siku zikaisha tukashuka. Posho ililipwa Gairo, yote, pamoja na nyongeza.

Njiani nikamuuliza Dokta, sasa yule wangu mtamwandika? Akasema, "Ndugu yangu, bila mwili hakuna jina. Na bila jina, siku wakija kukata ule msitu, nani atasema kuna mnyama pale? Kwenye makaratasi huyo chura hayupo." Alisema kawaida tu, anaangalia dirishani. Mi nikaongeza gia.

Mwaka 2023, mwezi wa pili, nimepaki Dumila nasubiri abiria wangu wamalize kula, simu ikalia. Yule dada, sasa hivi naye anafundisha chuo, kanitumia picha na hakuandika neno hata moja. Chura wa matete, mdogo, anaitwa Hyperolius ukaguruensis, aina mpya, katoka milima ya Ukaguru. Watu wengine kabisa, safari yao wenyewe, na wao walianza kwa kumtafuta Churamiti wakamkosa! Dume halii. Koo lina miiba. Wanadhani labda jike anaigusa ile miiba ajue huyu ni wa kwetu, maana sauti hamna. Nikaikuza picha ya koo mpaka ikawa vumbi vumbi. Kidole gumba changu kikawasha, wallahi.

Sisemi ndo yeye. Nilimuona usiku, tochi inakufa, na picha yangu ni duara jeupe. Lakini abiria walivyorudi wakanikuta sijawasha gari.

Jioni nikampigia Dokta. Nikampongeza kwanza, kama vile kamtangaza yeye, akacheka akasema wamefanya kazi nzuri wale. Halafu nikamwambia, Dokta, ile chupa kifuniko kilikuwa kimekazwa. Nilikifungua mwenyewe.

Kimya kikawa kirefu, nikajua mtandao umekata, nikaangalia simu, dakika zinahesabu.

"Ulimmwagia upande gani wa bwawa," akasema, "huu wa kambini au ule wa msituni?"

Nikasema wa msituni, kwenye matete yale mafupi. Akasema subiri kwanza, na nikasikia anavuta droo anatafuta kalamu.