Mjomba, Scania na vijana wa Prague

Mjomba wangu alikuwa akiendesha Scania 113 hata kabla sijaanza shule. Dar–Tunduma, Tunduma–Dar. Juzi alinikuta kwenye laptopu napandisha mlima, akavuta stuli, akatazama kimya kama dakika kumi. Kisha akauliza, "Tingo wako yuko wapi?"

Hayupo, mjomba. Kwenye Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori, uko peke yako na tela lako.

Waliotengeneza gemu hii ni SCS Software, kampuni iliyoanzishwa Prague, Jamhuri ya Czech, mwaka 1997. Nilidhani ni watu waliokulia kwenye magereji. Kumbe wapi! Walikuwa watu wa kompyuta, wenye injini yao ya michoro ya 3D waliyoiita Prism3D, na moja ya kazi zilizowapa ugali ilikuwa gemu ya kuwinda kulungu. Hunting Unlimited, 2001, ilitolewa na ValuSoft ya Marekani, wauzaji wa gemu za bei poa. Kupitia ValuSoft hao hao wakaingia kwenye malori: mfululizo wa 18 Wheels of Steel ulianza 2002, na hadi 2007 walikuwa wanatoa toleo karibu kila mwaka. Yaani watu wa Prague wanakaa ofisini kwao kuchora barabara za Marekani ili Wamarekani wanunue. Mjomba aliposikia hayo alisema tu, "Biashara ni biashara."

Mwaka 2008 ndipo walipogeukia barabara za kwao, na Euro Truck Simulator ya kwanza. Vibali vya majina ya malori hawakuwa navyo. Ukilitazama lori unaona kabisa hii ni Mercedes, lakini limeandikwa Majestic. Mnaonunua raba Kariakoo mnaujua mchezo huo.

Mambo yalibadilika 2012. Katikati ya mwaka walitoa gemu kwa kushirikiana na Scania wenyewe, Scania Truck Driving Simulator, na Oktoba ikaja Euro Truck Simulator 2. Januari 2013 ikaingia Steam, duka la gemu la mtandaoni. Hapo hawakushikika tena.

Ninachowavulia kofia ni kwamba mpaka leo hawajaitupa. Gemu ni ile ile ya 2012. Wanachouza ni barabara: Ulaya Mashariki 2013, Skandinavia 2015, Ufaransa 2016, Italia 2017, na wanaendelea. Ni akili ya mwenye magari kabisa: kichwa kikiwa bado kizima hununui kingine, unatafuta ruti mpya. Ruti moja ilikwama. Walikuwa wanaandaa Urusi, wakaiweka kabatini 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Kitu kilichomfurahisha mjomba ni jinsi unavyoanza. Huna gari. Unapiga deiwaka kwenye malori ya watu mpaka ukusanye hela au ukakope benki, ndipo ununue la kwako, baadaye uajiri madereva. "Hawa wamewahi kukaa na madereva," alisema. Nilipomwambia Ulaya bara humo ndani imepunguzwa kwa kipimo cha 1:19 alipiga hesabu kwa vidole: kilomita zaidi ya 900 za Tunduma zingebaki hamsini tu. Alicheka mpaka akakohoa. "Kitonga si itakuwa kona mbili!"

Nikampa kiti. Kibodi ilimsumbua mwanzoni, akapita taa nyekundu, faini ikakatwa hapo hapo. "Huyu trafiki hata salamu hana," alilalamika. Tulipofika Duisburg gemu ikauliza kama tunataka kuegesha wenyewe au turuke hiyo hatua. Mimi huruka siku zote. Mjomba akaniangalia kama nimemtukana. Akapiga rivasi polepole, macho kwenye kioo cha kushoto, tela likaingia kwenye nafasi yake mara moja tu, bila kusogea mbele kurekebisha.

Akabaki amekaa, anasubiri.

"Sasa nani anakuja kusaini karatasi?"