Siku tuliyorekodi mwisho wa Marko

Ilikuwa masika ya 2021. Mgeni wa kipindi chetu cha sauti, mhadhiri wa Agano Jipya, alikuwa Morogoro, sisi Dar es Salaam. Mada aliichagua mwenyewe: kwa nini Biblia nyingi huweka mabano au tanbihi kwenye Marko 16:9-20, aya za mwisho za Injili hiyo.

Kila upande ulirekodi sauti yake kwenye kifaa chake. Intaneti ilikuwa ya kusikilizana tu, maana ikiyumba, sauti ya simu hukatika vipande. Shida ni kwamba saa za vifaa viwili haziendi sawa kabisa, na kipindi kikiwa kirefu majibu huanza kupanda juu ya maswali. Kwa hiyo tulipiga kofi mwanzoni na jingine mwishoni. Mhariri akipima pengo kati ya makofi hayo katika kila faili, anajua faili lipi la kuvuta ili lilingane na jingine. Maikrofoni ya mgeni ilikaa kiganja kimoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili herufi p na b zisipulize, na godoro likaegemezwa ukutani nyuma yake kuua mwangwi.

Kabla ya jina lolote la hati, tulimwomba asome aya ya 8, wanawake wanapokimbia kaburini, na akomee mwisho wake: “wala hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa.” Akanyamaza kidogo. Kisha akaeleza kwamba nakala mbili za Kigiriki za karne ya 4, ile ya Vatikano na ile ya Sinai, zinaishia hapo. Msikilizaji alikuwa ameshausikia ukatikaji wenyewe, hivyo hoja haikumfikia kama uzushi.

Wageni wasomi hupenda kurundika ushahidi, na aliye kwenye daladala hana ukurasa wa kurudia. Tulikuwa tumekubaliana naye: nakala mbili, na shahidi mmoja wa upande wa pili. Alimchagua Irenaeus, askofu wa karne ya 2, ambaye karibu mwaka 180 alinukuu aya ya 19, yaani aya hizo ni za kale kuliko nakala zote mbili. Akaongeza kwamba nakala nyingi mno za baadaye zinazo. Aliposema “wanazuoni wengi wanakubali”, mtangazaji akamkatiza: kwa ushahidi gani? Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kuu ya mtangazaji.

Swali gumu tuliliweka ndani ya dakika kumi za kwanza: kwa hiyo kuna mtu aliongeza maneno kwenye Biblia? Usipoliuliza wewe, litaulizwa WhatsApp bila mtaalamu wa kulijibu. Alitenga mambo matatu: yanayoonekana kwenye hati, yanayokisiwa tu, kama vile kupotea kwa ukurasa wa mwisho, na mamlaka ya aya hizo kanisani. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulipokea mwaka 1546 vitabu vyote pamoja na sehemu zake zote, hata kama si Marko aliyeandika mistari hiyo.

Katikati ya jibu hilo mvua ikaanza kupiga bati huko Morogoro. Tukasimama. Kelele ya mvua imeenea kwenye masafa yaleyale ya usemi, na programu ya kuisafisha hula s na sh, maneno yakabaki kama ya mtu mwenye mafua. Ilipopungua hatukuendelea alipoishia. Swali liliulizwa upya na jibu likatolewa lote, kwa sababu kiungo cha katikati ya sentensi husikika.

Tulitoa MP3 ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, kilobiti 64 kwa sekunde: dakika 40 ni takriban MB 19, mzigo ambao bando dogo linaubeba. Kipande cha kutangazia kilituchukua muda kuliko yote. Sentensi iliyovutia zaidi ilikuwa “aya hizi hazimo”, na ndiyo tuliyokataa kuiachia peke yake. Kilichosambazwa kilikuwa na aya ya 8, nakala mbili, na Irenaeus.