Hasira ya Muumini na Kalamu ya Mwandishi

Kila jina la mwandishi Salman Rushdie linapotajwa hapa Kampala, hawakosekani ndugu zangu Waislamu ambao hawajasoma hata ukurasa mmoja wa riwaya yake ya mwaka 1988, The Satanic Verses, lakini wanatamka bila kusita kwamba kijana aliyemchoma kisu katika jimbo la New York mwezi Agosti 2022, hata akapofuka jicho moja, alitenda haki. Mimi pia ni Mwislamu, na namna Mtume wetu (s.a.w.) anavyochorwa humo inaniuma. Juu ya hayo, sikubaliani nao hata kidogo.

Fatwa ya kutaka Rushdie auawe, aliyoitoa Ayatollah Khomeini, kiongozi wa Iran, tarehe 14 Februari 1989, haikumlenga mwandishi peke yake. Mwezi Julai 1991 Hitoshi Igarashi, Mjapani aliyeifasiri riwaya hiyo, aliuawa kwa kisu katika chuo kikuu alikofundisha. Naye alikuwa msomi wa Uislamu, na muuaji wake hajakamatwa mpaka leo. William Nygaard, aliyeichapisha Norway, alipigwa risasi mwaka 1993 akanusurika. Sioni heshima ya Mtume iliyolindwa hapo, ilhali Qur'ani yenyewe, katika Suratun Nisaa aya ya 140, inapowataja wanaozifanyia stihizai aya za Mwenyezi Mungu, inatuagiza tusikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Tumeamriwa kuondoka barazani, wala hatukuambiwa turudi na kisu.

Sisi wa Uganda tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Kabla ya Wakristo waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Waislamu waliuawa katika miaka ya 1870 chini ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, kwa kuwa walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu, na kukataa huko kukahesabiwa kuwa ni kumdharau mfalme. Waliuawa kwa sababu imani yao ilimuudhi mwenye nguvu.

Kwa hiyo nilifurahi Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilipokibatilisha kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichowaadhibu watu kwa mawasiliano ya kuudhi, ingawa najua kwamba uhuru uo huo wa kujieleza, ulioandikwa katika ibara ya 29 ya Katiba, unamlinda pia atakayeandika nisiyoyapenda kuhusu dini yangu. Masheikh wetu wana elimu ya kuijibu riwaya ile hoja kwa hoja, kwa Kiswahili na kwa Kiganda, na kitabu cha namna hiyo ningekinunua na kukigawa msikitini.